Kidole Gumba Kwenye Kioo

Muuza redio na simu wa pale stendi ya Sumbawanga alikuwa na mikono isiyojua kutulia. Akiongea alipuliza vumbi, akafuta kioo kwa pindo la shati, akageuza bidhaa huku na huku kama mtu aliyeshika kiazi cha moto. Siku hiyo alikuwa na kifaa cha kusomea vitabu, cha mtumba, chepesi kama sahani ya bati. "Humu mna maktaba nzima, mwalimu. Chaji inakaa wiki. Hata juani unasoma bila kukunja uso." Fransiska alitaka kuuliza kama vitabu vitafunguka kule Kabwe anakofundisha mtandao ukikatika, lakini macho yake yalinasa kwenye kidole gumba cha yule bwana. Mikono ilizunguka, kidole hakikubanduka kwenye pembe ya kioo.

"Hebu nikishike."

"Subiri kwanza nikuoneshe."

Nje basi lake lilipiga honi. Mitihani ilikuwa inakaribia, na kifaa kilikuwa hicho kimoja tu mjini. Alikuwa ameshafungua pochi alipoingia bibi mmoja mwenye fimbo. Muuzaji alimtazama bibi, akamtazama Fransiska, akakitazama kidole chake. Kwao Ufipa mkubwa huamkiwa kwa kuchuchumaa na kupiga makofi, na hilo linataka mikono miwili. Akakiweka kifaa mezani. Akachuchumaa. "Shikamoo, mama." Kwenye pembe ya kioo, pale kidole kilipokuwa, doa jeusi lilikuwa limetanda, limemeza miisho ya mistari.

Bibi aliitikia, akapita kuketi. Muuzaji alibaki pale chini, akiendelea kupiga makofi.