Kahawa ya Presha

Nyumba yetu ilipoteza harufu yake mwaka nilipokuwa na miaka tisa. Kabla ya hapo, kila siku baada ya sala ya alasiri, Habuba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, alikaanga buni kwenye kikaango cheusi, akizigeuza kwa kijiti mpaka moshi ukapanda ukuta na kushuka kwa majirani bila kubisha hodi. Kisha kinu, kisha tangawizi, kisha kile chungu chenye shingo nyembamba, kisha finjani tatu kwa kila mtu. Aliyehesabu finjani ni mimi, maana wapo wageni waliokuwa wakifika ya tano na kuapa kwamba ni ya pili. Tulikaa chini kidogo ya mtaa wa Kabalagala, kwenye vichochoro visivyo na majina, na anayetutafuta aliambiwa afuate pua yake. Halafu siku moja muuguzi wa zahanati akamfunga Habuba mkanda mkononi, akaujaza upepo, akakitazama kisaa chake chenye mshale, akasema, “Mama, presha imepanda. Kahawa basi.”

Habuba alitii, na utii wake ndio ulionitisha. Alikifunika kinu kifudifudi, akazipanga finjani kabatini, akaanza kunywa maji ya moto kama anayelipa faini. Wageni walipungua: kumi na moja, sita, wawili, kisha yule mmoja aliyekuwa kiziwi. Mwanamke aliyekuwa na neno kwa kila mpita njia sasa alikaa mlangoni akitazama mikono yake. Watu wazima walisema anapumzika. Mimi nilizihesabu siku alizopumzika, nikazirudia: sitini na moja. Mgonjwa anayepumzika hivyo, niliona, anaondoka kidogo kidogo, na haba na haba hujaza kibaba hata kwenye kuondoka.

Mjomba Rajabu, mtoto wa mwisho wa Habuba, alikuwa amepata kazi kwenye mkahawa mpya pale juu barabarani. Jumamosi moja asubuhi nikapanda kwenda kumtazama. Walikuwa na mashine inayong'aa, kubwa kuliko mbuzi wetu, inakoroma na kutoa mvuke puani; na kwenye paji la uso wake, Mungu ni shahidi, kulikuwa na kisaa chenye mshale, ndugu kabisa wa kile cha muuguzi.

“Mjomba, hicho nini?”

“Presha hiyo,” akasema, akiwa amejaa fahari ya wiki tatu kazini. “Maji yanasukumwa kwa nguvu ndani ya unga. Espreso. Kahawa ya presha hii, si ya kuchemsha kama ya kwenu.”

Sasa nisaidie kuhukumu. Dawa ya kikohozi ni ya mwenye kikohozi. Dawa ya presha, ile aliyokuwa akimeza Habuba kila asubuhi, ni ya mwenye presha. Kahawa ya presha, basi, ni ya nani? Nimehesabu kila kitu mara mbili maishani mwangu, lakini maneno yale niliyahesabu mara moja tu.

Nikasema nataka moja, yangu mwenyewe. Mjomba akacheka, akaivuta mashineni. Vilitoka vinyuzi viwili vyembamba, vyeusi kisha vya hudhurungi, na juu likatanda povu la rangi ya asali. Kisha vikakoma, na kikombe hakijafika hata nusu.

“Mjomba, ongeza.”

“Ndiyo yote hiyo.”

“Kikombe chenyewe cha kuchezea watoto, na bado hakijai?”

“We mtoto, hapa si soko la samaki la Ggaba. Hatuuzi dagaa wa mukene kwa kopo, useme nataka nyongeza.”

Nikaimimina kwenye chupa niliyokuwa nimeiosha kubebea maji yangu, ya dawa ya kikohozi, ili mambo yaende kwa utaratibu. Hatua mia sita na kumi na nne kwenda. Mia tano na tisini kurudi, maana nilikimbia. Leo najua kwamba espreso haisubiri mtu, povu lake hufa kabla hujamaliza kulisifu. Niliyomfikishia Habuba ilikuwa maiti ya kahawa, baridi, nyeusi kama wino.

“Ni kahawa ya presha,” nikamwambia. “Unaruhusiwa.”

Akainuka mwenyewe, akaenda kabatini, akatoa finjani moja. Akaimimina, ikajaa sawasawa, kumbe kipimo kilikuwa kile kile. Akanusa, akafunga macho, akanywa mara moja, kidogo, akaishikilia mdomoni.

“Wameikaanga mpaka imelia,” akasema. “Lakini aliyeisaga ana mkono. Ni Rajabu?”

Nikaitikia.

“Haina tangawizi. Maskini mwanangu.” Akacheka, na nilikuwa sijasikia kicheko kile kwa siku sitini na moja. Iliyobaki akanirudishia. “Dawa haimalizwi siku moja.”

Jumatatu tukaenda zahanati, mimi nikiwa na uhakika wa daktari bingwa. Mshale ukapanda, ukasimama pale pale pa siku zote. Muuguzi akatikisa kichwa. Machozi yakanitoka, nikaanza kusema ni mimi, mimi ndiye... Habuba akanibana mkono chini ya meza.

“Saa yako mbovu,” akamwambia muuguzi, na akainuka.

Njiani hakunieleza kosa langu. Aliniuliza tu mashine ile ina mishale mingapi. Jioni ile akakifunua kinu, akanikabidhi mchi, akaketi kunielekeza niwatwangie wageni kahawa ambayo yeye mwenyewe aliinusa tu. Wakarudi, na yule kiziwi mbele yao. Habuba aliishi miaka minne zaidi, akizungumza.

Siku hizi nina mashine yangu ya espreso mtaani Kamwokya, kuukuu, niliyoipigania bei siku tatu. Wateja hulalamika kwamba kikombe hakijajaa, nami huwajibu kwa maneno ya mjomba. Nimejifunza kuhesabu sekunde za uzi ule, kuonja ukali, kisha uchachu, kisha utamu unaokuja nyuma kama mgeni mwenye haya. Mwaka huu muuguzi, binti mdogo mwenye kifaa cha tarakimu kisicho na mshale wa kulaumiwa, alinifunga mkanda, akasoma, akasema: mama, vikombe viwili kwa siku, visizidi. Sikubishana bei. Hunywa kimoja tu, alasiri, kwenye finjani ya Habuba, na nakihesabu mara mbili.