Jembe la Kwenda Kampala

Harufu ya udongo uliolimwa asubuhi, bado una umande, hainipeleki shambani kwetu Moding, upande wa Kenya karibu na Malaba. Inanipeleka Kireka, nje kidogo ya Kampala, miaka ile ya sitini nilipokuwa msichana wa miaka tisa mwenye kiburi kingi na jicho moja bovu.

Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Daktari wa hospitali kubwa ya Kampala alitaka kulitia dawa kila siku kwa wiki nane, la sivyo lingepofuka. Kwa hiyo ilibidi tupate pa kukaa wiki zote hizo, na mimi nilikuwa nimeshachagua: kwa mjomba, kaka yake mama, aliyeishi ghorofani katikati ya mji. Niliwatangazia wenzangu kwamba nitalala juu ya taa za barabarani.

Mama akafunga mzigo: unga wa wimbi, blanketi, na jembe. Jembe, jamani, la kwenda Kampala. Tulipopanda treni pale Malaba, mpini ulichomoza kwenye furushi na abiria wakawa wanautazama. Nikalisukuma kwa kisigino chini ya benchi, nikiomba lisahaulike. Mama hakuwa mtu wa kusahau jembe.

Kwa mjomba tulipewa chai na mkate wa siagi. Nilishaona hata dirisha nitakalokaa karibu nalo. Mama akamaliza kikombe, akauliza, "Hapa mnalima wapi?"

Mjomba akacheka. "Dada, hii ni Kampala. Huko chini ni simiti tu."

"Basi tutakuja kuwasalimia Jumapili," mama akasema, akajitwika mzigo wake.

Tukapanda basi hadi Kireka kwa shangazi, dada yake baba, mwenye nyumba ya bati na kipande cha shamba kilichomshinda kwa magugu. Nilinuna mpaka midomo ikauma. Shangazi akatutania: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama akamjibu, "Langu nimekuja nalo." Kesho yake, kabla ya basi la kwenda hospitali, alikuwa ameshapiga matuta mawili ya viazi vitamu. Ikawa hivyo kila asubuhi: analima, ananawa, halafu ananishika kidevu kwa mikono inayonukia udongo na kulitazama jicho.

Wiki ya nane ukungu ulikuwa umeondoka. Shangazi alilia tulipoaga, akatusihi tukae zaidi. Mama akamwachia jembe, nami nikafurahi kurudi Malaba bila ile aibu.

Nilikuwa na watoto wangu nilipoelewa. Mjomba mwenyewe aliniambia, bila kuficha, kwamba siku ile mkewe alikuwa amekubali tukae wiki moja tu. Mama hakuambiwa na mtu. Alijua kwamba mgeni wa kula na kulala huchosha, na jicho langu lilitaka wiki nane.

Sasa nimepita sabini, na bado ni jicho la kushoto ninalotegemea nikitunga uzi kwenye sindano. Laiti ningalimbebea mama lile jembe, hata kutoka stesheni tu.