Siku Niliyopelekwa Nakuru Kutolewa

Aliyeniambia kwanza kwamba nitatolewa kwa kisu alikuwa Mama Truphosa, jirani yetu wa laini ya nyumba za wafanyakazi, nilipokuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele. Aliniambia penye bomba la maji, mbele ya wanawake wengine na madebe yao, kwa sauti ile ya huruma ambayo watu huitumia wakiwa na habari tamu.

"Pole, mama," alisema. "Nimemsikia dresa mwenyewe akimwambia baba yako. Nyanya yako hataona tena mpaka mtoto wa jicho atolewe. Ni kisu, huko Nakuru."

Nikamuuliza mtoto wa jicho ni nani.

"Kwani hapa laini nzima, jicho la nyanya yako ni nani?"

Wanawake wote wakageuka kuniangalia. Alilosema lilikuwa kweli.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nasi tulikaa katika shamba la mzungu upande wa Gilgil, baba akiwa mkamuaji wa ng'ombe. Nyanya, mama yake baba, macho yalimwingia ukungu kabla sijazaliwa, na nilipojua kutembea nikawekwa mkononi mwake kama fimbo. Nilisimama upande wake wa kushoto, akanishika bega, tukaenda chooni, shambani na kanisani. Kazi yangu ilikuwa kutangaza yaliyo mbele: jiwe, shimo, mavi ya ng'ombe, Mzee Barasa. Watu waliniita Jicho. "Jicho, njoo unywe uji." "Jicho, mama yuko wapi?" Jina langu la ubatizo wengi hawakulijua.

Mtu wa pwani akisoma haya atacheka, kwa hiyo nieleze. Kiswahili chetu kilikuwa cha kukamulia ng'ombe: lete, peleka, upesi, bado. Ugonjwa wa Nyanya tuliuita maziwa ya macho, kwa sababu mboni zake zilikuwa nyeupe. Dresa aliyekuwa akizunguka mashambani na sanduku la dawa alikuwa amefanya kazi Mombasa, naye aliutaja ugonjwa kwa jina lake la Kiswahili sanifu, mtoto wa jicho. Pale kwetu hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo. Baba alifahamu kwamba ni jambo la dawa, lakini baba alikuwa mtu wa kuzungumza na ng'ombe kuliko watu. Kazi ya kueleza ikabaki kwa Mama Truphosa, ambaye hakuwahi kukataa kazi kama hiyo.

"Mtoto anayemwongoza kipofu humla macho," aliwaambia wenzake, huku mimi nimesimama hapo hapo. "Kila akimshika bega, nuru inashuka kwa mkono, inaingia kwa mtoto. Huyu juzi aliona sindano yangu mchangani. Sindano! Na nyanya yake haoni hata fahali. Hiyo nuru imekwenda wapi?"

Nilikumbuka ile sindano. Ni kweli niliiona, tena kutoka mbali.

Sikumwambia mtu. Hata sasa, nikiwa mama mwenye watoto, mimi ni wa kunyamaza. Dukani nikikatiwa kitambaa cha rangi nisiyoitaka, nashukuru na kwenda nacho nyumbani. Nilikaa na habari yangu kimya, na kila Nyanya aliponishika bega nilijaribu kujikaza ili nuru isishuke. Wakati mwingine nilifumba macho tukiwa njiani, nisimle zaidi. Siku moja tukaingia wote wawili kwenye ua wa miiba.

"Jicho leo limelala?" Nyanya aliuliza, akijitoa miiba.

Naye alikuwa na hofu yake, aliyoletewa na Mzee Barasa. Mzee huyo aliendesha mkokoteni wa maziwa, na alikuwa na jamaa Naivasha ambaye kila jambo lilimpata. Alisema daktari hulitoa jicho, huliosha kwa sabuni na kulianika kwenye sahani dirishani. Jicho la jamaa yake lilipokuwa likikauka, mwewe akalinyakua. Tangu siku hiyo yule jamaa, akiwa amekaa mezani anakula ugali, anaona mapaa ya nyumba na vifaranga kutoka juu, na mwewe akigeuka ghafla, jamaa anatapika.

"Amewahi kuona ziwa la Elmenteita lote kwa mara moja," Mzee Barasa alisema. "Ndege wekundu wote. Lakini mbele ya pua yake, hakuna kitu."

Nyanya alimwita mwongo. Kisha akauliza, polepole, kama Nakuru kuna mwewe wengi.

Mara akasema haendi, mara akasema anaenda, mara akagawa kuku wake kama mtu anayekufa, kisha akawadai warudishwe. Kilichomtuliza kidogo ni mazoezi. Dresa alikuwa amemwambia kwamba baada ya kupasuliwa atalala chali siku nyingi bila kusogeza kichwa, bila kukohoa wala kucheka. Nyanya alikuwa mtu wa kufanya kitu sawasawa. Kila alasiri alijilaza kitandani, akaweka gunzi la mahindi kila upande wa kichwa, akakunja mikono kifuani, akaniambia niangalie kama magunzi yanaanguka. Kuku waliingia wakamtembelea juu ya tumbo. Hakusogea.

Siku moja nilikuwa nimetoka kidogo. Mama Truphosa akaja kuomba moto, akachungulia, akaona mzee amelala chali, mikono kifuani, na jogoo amesimama juu yake. Alipiga ukemi uliowatoa watu kwenye zizi la maziwa. Wanawake wakaja mbio, mmoja akaanza wimbo wa maziko, baba akaja na ndoo bado mkononi, nami nyuma yake. Nyanya hakusogea. Alikuwa ameahidi nafsi yake kwamba hatavunja zoezi. Watu walipojaa mlangoni ndipo tuliposikia sauti ikitoka bila midomo kufunguka:

"Mama Truphosa, nyamaza. Utaniangushia gunzi."

Wawili walikimbia. Yule mwenye wimbo alikaa chini palepale.

Tulicheka mpaka jioni, lakini mimi nilicheka na roho imejaa maji, kwa sababu siku ya lori la maziwa, la kutupeleka Nakuru, ilikuwa inakaribia. Nilikuwa nimefikiri sana, kama mtoto anavyofikiri. Nyanya hakuwahi kuniona. Alijua uso wangu kwa vidole tu. Mara nyingi alisema, "Mungu akinipa nafasi, kitu cha kwanza nione huyu anayenitangazia mavi ya ng'ombe." Sasa nikitolewa, ataona. Lakini akiona, mimi sitakuwapo wa kuonwa. Nilizungusha jambo hilo kichwani, na kila nilipoligeuza lilikuwa baya. Mwishoni niliamua nitakwenda. Sikuwa shujaa. Nilidhani ile nuru ni yake, na mtu harithi kitu cha aliye hai.

Tukapanda lori, baba, Nyanya na mimi, katikati ya makopo ya maziwa, na jioni tukafika kwa shangazi yangu aliyekaa nyumba za reli Nakuru. Kesho yake tukaenda hospitali. Nyanya aliingia wodini ameshika bega langu kwa nguvu mpaka likafa ganzi. Alipoketi kitandani, alishika chuma cha kitanda kwa mkono wa pili, akauliza swali lake la kwanza:

"Madirisha yana wavu?"

"Ya nini, mama?" sista akauliza.

"Ya mwewe."

Sista alimtazama baba. Baba alitazama kofia yake.

"Mgonjwa ana nini?" sista akauliza tena.

"Mtoto wa jicho," baba akajibu, kwa fahari, maana alikuwa amelishika jina lile njia nzima.

"Upande gani unaanza?"

"Wa kushoto," Nyanya akasema.

Na mimi nilikuwa nimesimama kushoto.

Daktari akaja, mzungu mzee mwenye nyusi kama manyasi. Alimulika tochi macho ya Nyanya, akainama, akanyooka. Kiswahili chake kilikuwa cha kizungu.

"Mama, hii mtoto nakomaa kabisa. Kubwa sana. Leo natoa. Hapana ogopa."

Niliangalia miguu yangu. Kweli nilikuwa nimekua. Gauni lilikuwa limepanda juu ya magoti. Nyanya alikivuta kile chuma mpaka kitanda kikalia. Baba alimwambia, "Mama, jikaze," naye akasema, "Jikaze wewe, ni jicho lako?" Akasema turudi nyumbani. Akasema tutakuja wakati mwingine, baada ya mavuno. Akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu, na nilijua akivipata hatarudi hapa tena, naye atashika bega langu mpaka kaburini bila kujua nina sura gani.

Nilisogea mbele ya daktari. Nilisema, lakini hakuna aliyesikia, kwa hiyo nikasema tena.

"Mtoto ni mimi. Niko tayari. Ila naomba anione kwanza, halafu ndipo mnitoe."

Daktari akamtazama sista, sista akanitazama.

"Akuone kwanza? Kwa macho gani?" sista akauliza.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikaanza kulia.

Nyanya akaacha kutafuta viatu. "Nani amekuambia utatolewa?"

"Mama Truphosa. Alisema nimekula macho yako. Alisema nuru inashuka kwa mkono."

Kisha bega lake likaanza kuruka, na nikadhani analia, kumbe ni kicheko, na kicheko cha Nyanya kilikuwa kitu kikubwa, kilichoanza tumboni na kufika mlangoni. "Mama Truphosa!" alisema. "Mwanamke akitumwa chumvi, huleta matanga!" Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka bila kujua wanacheka nini. Sista alimweleza daktari kwa Kizungu, naye akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Sista akapiga magoti mbele yangu, akanieleza kwamba mtoto wa jicho ni kile kitu cheupe ndani ya mboni, kwamba hakina miguu wala gauni, na kwamba kila mtu anaweza kukipata akizeeka.

"Kwa hiyo mimi sikumla?"

"Hukula kitu, mama."

Nyanya alifuta machozi kwa kanga. Mkono wake ulikuwa umekiacha kile chuma. Sidhani alijua ulikiacha saa ngapi.

"Mtoto amekuja hapa kwa miguu yake mwenyewe kukatwa," alisema, "na mimi mzee nimeshikilia kitanda. Haya, nipelekeni." Kitanda chake kikasukumwa. Alipofika mlangoni akainua kidole. "Lakini dirisha lifungwe."

Siku za kulala alifaulu kuliko wote. Walimwekea mifuko ya mchanga pande zote za kichwa, mahali pa magunzi, na hakuigusa. Sista alisema hajaona mgonjwa anayetulia hivyo, akamuuliza nani alimfundisha. "Kuku," Nyanya alijibu, bila kufungua midomo.

Bandeji ilipotolewa na akavishwa miwani mizito kama vitako vya chupa, alimwona sista, akaona dirisha, akamwona baba, akamwambia amezeeka. Kisha akanigeukia. Aliniangalia muda mrefu mpaka nikaona haya, nikaficha uso.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye," baba akasema.

"Na hamkuniambia ana uso wa mama yangu." Halafu akanivuta sikio, akachungulia ndani. "Na masikio haya hayajaoshwa tangu reli ijengwe."

Tuliporudi shambani, Mama Truphosa alitupokea njiani. Nyanya alimtazama kutoka juu mpaka chini. "Kumbe wewe ni mfupi hivi? Kwa sauti ile nilidhani wewe ni mlingoti." Mama Truphosa hakujali. Aliwageukia wenzake. "Si niliwaambia? Mtoto ametolewa, mzee anaona."

Nilikasirika wakati ule. Leo sina hakika kama alikosea sana. Tuliposhuka kwenye lori nilikuwa nimejiweka kushoto kwa Nyanya kama kawaida, bega tayari. Akalipiga kofi dogo la mapenzi, akanipita, akatembea peke yake kwenda nyumbani, akiyakwepa mavi ya ng'ombe bila kutangaziwa. Watu walimshangilia. Mimi nilibaki penye gurudumu, sijui niende wapi. Hakuna aliyenikata, na hata hivyo kuna kitu kilikuwa kimetolewa, na paliuma kidogo. Nafikiri mtu akipendwa kwa sababu anahitajiwa, siku haja inapokwisha huogopa kuuliza ni kipi kilichobaki. Nyanya hakuningoja niulize. Jioni ile aliniita kwa jina langu la ubatizo, mbele ya wote, na nusu ya laini ikauliza huyo ni nani. Mwezi uliofuata nikaingia shule, ambako nilijifunza kuandika maneno ya Kiswahili kwa uangalifu, maana nilishaona neno moja linavyoweza kumpeleka mtu Nakuru.

Lakini hiyo ni baadaye. Asubuhi iliyofuata kurudi kwetu, niliamka nikamkuta Nyanya amekwisha kutoka kwenda bombani peke yake. Nilisimama uani. Anayemwongoza kipofu hakimbii, na mimi tangu nijue kutembea nilikuwa nimetembea kwa hatua za mzee. Niliangalia njia, sikuitangaza kwa mtu, nikakimbia. Nilikimbia mpaka kwenye zizi la maziwa na kurudi, nikaanguka, nikainuka, nikakimbia tena.