Mwimbaji Aliyechoka

Wakati wa lockdown, nikinyoosha miguu hapa ughaibuni, Mount Druitt, niliona kaseti kwenye boksi la vitu vya kutupwa. Ilikuwa albamu ileile ya mzungu wa vinanda vya umeme aliyoipenda Mjomba miaka ya themanini.

Alasiri moja kule Nakuru, nikiwa mtoto, sauti ya mwimbaji ilianza kujikokota. Dada alitoa betri za redio ya kaseti akazianika juani zipate nguvu. Nilimhurumia mwimbaji, nikaianika kaseti pia, kando ya mahindi yaliyonukia vumbi. Sikujua jua hukunja utepe.

Mjomba alipoiweka redioni, sauti iliyumba. Nilijificha nyuma ya mlango nikingoja kofi.

“Haya, nani amemlewesha mzungu wangu?” aliuliza, kisha akacheza akipepesuka vilevile, mpaka nikatoka nikicheka.

Ile ya Mount Druitt niliibeba chini ya koti hadi nyumbani, isipigwe na jua.