Wifi, Umeangusha Chako

Mama Fagio alifagia upande mmoja wa barabara ya sokoni miaka kumi na tisa, kila alfajiri kabla maduka hayajafunguliwa. Ikifika saa tatu, kumechafuka tena. Upande wa pili alipewa wifi yake, mke wa kaka yake, mgeni kazini. Huyu alifagia saa nne, watu wamejaa. Mtu akitupa kitu, alikiokota akamrudishia kwa mikono miwili: "Mjomba, umeangusha chako." Watu wakacheka, wakaona haya, wakazoea pipa.

Siku msimamizi alipomwambia Mama Fagio mbele ya wenzake, "Kajifunze kwa wifi yako," wivu ulimkaba kama mwiba wa samaki. Usiku ule hata kusali alishindwa.

Kesho yake alfajiri akasukumia taka zake zote ng'ambo, upande wa wifi yake, halafu akakaa kibarazani pa duka kungoja aibu ya mwenzake.

Wifi alipofika aliinama akatazama. Mistari ya fagio ilivuka barabara kama nyayo za mwizi. Akazizoa taka kwenye karai, akamfuata pale kibarazani, akapiga goti kidogo.

"Wifi yangu, umeangusha chako."

Muuza viazi aliyekuwa jirani akaangua kicheko. Mama Fagio akatamani ardhi immeze, Mungu amsamehe, lakini akalipokea karai.

"Kesho nami nitakuja saa nne," akasema, uso kaugeuzia ukutani. "Ila usidhani nakuiga!"

"Nani kasema, wifi?"