Mwalimu Mkuu alivyogoma kuacha kuwa mwanafunzi kwenye kikao cha Shabani, hapa Somanga

Wakuu, poleni na mihangaiko. Leo simu ina chaji na moyo mwepesi, acha niwape kisa cha kweli tupu. Wale wa "hii chai" leteni vikombe, mimi nilikuwa ndani ya chumba.

Mimi ni msaidizi wa darasa kwenye shule moja ya msingi huku Somanga, kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum. Kidato cha nne nilimaliza kwa kuburuzwa, siwafichi. Ila ndoto ninazo. Kuna siku nitavaa koti, nitashika rimoti ya projekta na kusema "turudi slaidi iliyopita".

Basi, ukaja mradi.

Wakatubeba walimu na wasaidizi mpaka mjini Masoko, kwenye ukumbi wa gesti moja, tukafundishwe kuendesha vikao vya kupanga maisha na mwanafunzi. Yaani usimpangie. Mnakaa naye na familia yake, mwenyewe anasema anapenda nini, anaogopa nini, akimaliza shule anataka kuishi vipi. Nyie mnasikiliza, halafu mnamsaidia afike.

Machozi yalinilenga. Kitu kizuri hivi kilikuwa wapi siku zote?

Ila semina ni semina. Mkufunzi alisisitiza tusiongee sana, tumwachie mtoto nafasi, na hilo alilieleza kuanzia asubuhi mpaka sambusa zikapoa. Kila akipumua tunainuliwa kupiga makofi ya mvua.

Likaja igizo. Anatakiwa mtu wa kuwa mwanafunzi. Mwalimu Mkuu wetu akajitolea.

Wakuu, yule mzee ana kipaji. Alijikunja kwenye kiti, akatafuna kola ya shati, akasema kwa sauti nyembamba, "Mimi napenda kushona nguo." Ukumbi mzima ukasimama. Mkufunzi akasema tangu aanze kazi hajaona mwanafunzi mzuri kama huyu.

Hapo ndipo tulipomharibu.

Tukarudi. Kikao chetu cha kwanza kilikuwa cha Shabani, miaka kumi na sita, analelewa na bibi yake. Shabani anaongea taratibu. Neno lake linachelewa njiani, ila linafika.

Kulikuwa na chuo cha ushonaji cha bweni, mbali sana huko mikoani, kimetoa nafasi moja. Mwalimu Mkuu alishawaahidi watu wa mradi kwamba Shabani ataenda. Kikao cha kumsikiliza kilikuja baadaye, ndo utaratibu ulivyokaa.

Asubuhi ile bibi alinivuta pembeni. Akaniambia, "Mwanangu, wakimpeleka huko, nani atamsubiri amalize kusema?"

Nilimshika mkono tu.

Sasa huku kwetu jambo la mtoto haliendi bila mjomba. Na mjomba haji kikaoni kusikiliza, anakuja kusema. Mjomba wa Shabani akaingia na kanzu imepigwa pasi, tukampa shikamoo, akaitikia marahaba, akafungua kwa dua ndefu, akatoa salamu za ukoo. Mwongozaji wa kikao ni mimi.

"Shabani, wewe unapenda nini?"

Shabani akafungua mdomo.

"Kijana anapenda kushona," akasema mjomba.

"Napenda sana!" akadakia Mwalimu Mkuu.

Nikadhani ni utani. Nikamwangalia. Wakuu, mzee yuko siriasi. Keshazoea.

"Haya, Shabani, unaogopa nini?"

"Haogopi kitu," mjomba huyo. "Ukoo wetu hauna waoga."

"Naogopa giza," Mwalimu Mkuu huyo.

Mjomba akamgeukia. "Samahani mwalimu, kwani Shabani ni mimi au ni wewe?"

Shabani mwenyewe yupo kati yao, shingo inaenda huku inarudi huku kama anaangalia mpira.

Hapo slaidi zote zikanifutika kichwani. Kikabaki kitu nilichokiona nyumbani kwenye posa za dada zangu. Mshenga hasemi la kwake, anasema alilotumwa. Asipolijua, anaomba ruhusa, anatoka akanong'one na waliomtuma, ndipo anarudi.

Nikasema, "Mjomba, wewe ndiye msemaji wa Shabani?"

"Ndiyo, mwanangu. Kabisa."

"Amekutuma useme nini?"

Mjomba akakohoa. Akarekebisha kofia. Msemaji ambaye hakutumwa, hata barazani hapewi pa kukaa. Akainuka taratibu, akasema, "Tunaomba nafasi, mimi na mwenzangu, tukanong'one."

Wakatoka, yeye na Shabani. Mwalimu Mkuu naye akanyanyuka kuwafuata, mwalimu wa darasa akamvuta shati.

Walikaa nje, jamani! Mwenzetu tuliyempa kazi ya kutunza muda, kama semina ilivyoagiza, alinyanyua kadi nyekundu ya muda kwisha mpaka mkono ukamchoka, hakuna wa kumwonyesha. Dirishani tulimwona mjomba kainama, sikio kalisogeza kwa Shabani. Mdomo wa mjomba hautikisiki kabisa. Bibi hakuondoa macho pale.

Waliporudi mjomba hakukaa.

"Nimetumwa," akasema. "Mwenyewe hataki bweni. Anataka kulala kwa bibi yake. Kazi anayoitaka ni kukaanga samaki pale yanaposimama mabasi, na shangazi yake. Kumbe walishaongea, shangazi kakubali. Mimi nilikuwa sina habari." Akamtazama Shabani kidogo. "Na nimeambiwa niseme kwamba hajawahi kushika sindano."

Mwalimu Mkuu akaruka. "Lakini jamani, si nilishasema napenda kushona?"

Shabani akamgeukia. Safari hii tulisubiri wote, hata mjomba.

"Basi... nenda... wewe, mwalimu."

Bibi alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. Mwalimu Mkuu alikodoa macho, halafu akaanza kucheka mwenyewe, tumbo likitikisika. Palepale akawapigia simu watu wa mradi, akawaambia hiyo nafasi wampe mtoto anayeitaka.

Sasa hivi Shabani akitoka shule anashinda kwenye karai la shangazi. Kuuza anauza shangazi, kwa sababu abiria wa mabasi wana haraka zao. Yeye anakaanga. Mgawanyo huo kaupanga mwenyewe.

Nilichojifunza: mafunzo yale ni mazuri, nisiyabeze. Kasoro ni kwamba tulifundishwa sana kuuliza. Kuuliza ni rahisi. Kazi ipo kwenye kufunga mdomo ukishauliza, na hiyo hatukuifanyia igizo.

Walimu, wazazi na wajomba mliomo humu, huko kwenu mtoto anapata zamu lini kwenye kikao kinachomhusu? Shusheni visa, mimi nipo, nawasoma wote.