Fisi Maji wa Wifi Yangu

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alijiunga na kikundi chetu kwa sababu Jumamosi zilimchosha nyumbani. Kikundi tulikuwa tumekianzisha hapa Kasongo, walimu na wakulima wachache, Wakristo kwa Waislamu. Tulitembea porini, tukapiga picha za ndege na wanyama kwa simu, kisha tukawaonyesha watoto shuleni ili wajue wanaishi na nani. Hakuna aliyetutuma. Mimi ndiye niliyejua milio ya ndege. Mlio ukisikika, wote walinigeukia.

Mnyama niliyemtamani kuliko wote alikuwa fisi maji. Jina lake linadanganya, kwa kuwa hana ufisi wowote: ni mnyama wa mtoni, mwenye manyoya mafupi ya kahawia, anayeogelea kama samaki. Wavuvi wanamchukia kwa kuwa anachana nyavu zao. Nilikuwa nimeona nyayo zake matopeni, na kinyesi chake kilichojaa magamba ya kaa. Yeye mwenyewe, sijawahi.

Safari ya kwanza ya wifi tulielekea Wamaza kwa pikipiki. Niliyopanda mimi ikapasuka tairi, nikawaambia wenzangu watangulie. Nilipofika mtoni, vumbi mpaka kwenye kope, nikawakuta wamemzunguka wifi.

"Wifi, umechelewa!" akaniita. "Alitoka majini, akakaa pale kwenye jiwe, anakula samaki yake. Aliniangalia hivi! Ule munyama iko na sura kama ya mutoto."

Akanipa simu. Picha ilikuwa safi, hata mabaka meupe ya shingoni yalionekana.

"Mungu akubariki," nikasema.

Wiki iliyofuata wenzangu wakamwomba aje darasani kwangu. Alipiga mluzi kama fisi maji, akalala kifudifudi juu ya meza, meza yangu, akaonyesha anavyoteleza kuingia majini. Watoto walicheka mpaka wengine wakasimama juu ya madawati. Mimi nilipowaigia ndege walikuwa wakisikiliza kwa adabu. Jioni, tukila ugali na sombe ya majani ya muhogo, mume wangu akamwambia jirani, "Dada yangu ana jicho." Miaka yote niliyotembea porini hakuwahi kulisifu jicho langu. Nikaondoa sahani kabla hajamaliza.

Likizo ilipoanza nikaenda kukaa kwa shangazi yangu Wamaza. Kila asubuhi nilishuka mtoni, nikakaa nyuma ya majani marefu. Niliona wanawake wakiloweka mihogo. Niliona ndege ambao siku nyingine wangenifurahisha. Fisi maji hakutokea.

Asubuhi moja nikasikia hatua nyuma yangu. Alikuwa wifi, viatu mkononi.

"Mbona hukuniambia unakuja huku?"

"Nilitaka kumuona peke yangu."

"Bila miye?"

"Bila weye."

Alinitazama kidogo. Nilidhani atakasirika, nami nilikuwa tayari kwa ugomvi, hata niliutaka. Lakini alikaa chini, akakunja kanga yake magotini. "Basi nitanyamaza," akasema.

Akanyamaza kweli. Jua likapanda. Halafu akanivuta mkono taratibu, akaelekeza kidevu ng'ambo. Mimi nilikuwa naangalia jiwe. Fisi maji walikuwa chini ya mizizi ya mti, mama na mtoto wake, vichwa viwili vinang'aa. Mtoto alimpanda mama mgongoni, akaanguka, akampanda tena. Machozi yalinitoka. Nikageuka nione kama wifi anapiga picha. Simu ilikuwa bado kwenye mfuko.

"Hawa ni wako," akanong'ona.

Nilimwonea wivu hata kwa wema huo. Walikuwa wangu, lakini ni yeye aliyewaona kwanza.

Tulirudi Kasongo tumebanana nyuma ya dereva mmoja wa pikipiki. Njia nzima alimsimulia dereva habari za yule mtoto mgongoni mwa mama yake, nami nilisikiliza. Alikuwa anasimulia vizuri kuliko nilivyoona.